Koti la Daktari Kwenye Karai la Dobi

Asubuhi ile spika za barabarani zilitangaza kwamba leo ni Alhamisi iliyopita. Katika mji wetu tangazo kama hilo halikumshtua mtu. Watu walisimama pale walipokuwa, wakasikiliza mpaka mwisho, kisha wakaendelea na njia zao wakiwa wamerudishwa nyuma siku nne. Jirani yangu aliyemzika mumewe Jumamosi alivua nguo za msiba, kwa sababu Jumamosi ilikuwa bado haijafika na mumewe alikuwa hajafa. Nilimwona kupitia dirisha. Alipika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja, akakaa anakitazama kile kingine kikipoa.

Mimi naitwa Hamadi Ngereza. Nilikuwa Inspekta wa upelelezi kwa miaka kumi na saba. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe, niliyoitunza kichwani kwa siri. Kwa hesabu ya spika pengine nilikuwa na miaka minane tu kazini, au arobaini. Nakiri tangu hapa kwamba sikuwa mpelelezi wa kutafuta kitu. Mpelelezi wa Idara yetu alipewa jibu kwanza, kisha akatumwa kulitafutia swali. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilipokuwa kijana niliifanya kwa woga, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa ustadi ambao ulinitia haya nilipokuwa peke yangu tu. Na katika upweke huo liliniota swali kama jipu: mtu akisema uongo kwa jina lake mwaka baada ya mwaka, hadi uongo wenyewe ukaitwa kwa jina hilo, yeye hubaki na nini cha kuitwa?

Saa tatu niliitwa na Mkubwa Lukindo, aliyekuwa juu ya sote katika Idara. Alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Nilimkuta akimenya chungwa, ganda likishuka mezani bila kukatika.

"Kaa, Inspekta. Umeshakunywa chai?"

"Nimekunywa, Mkubwa."

"Tunapiga filamu," alisema. "Inakuhusu wewe."

"Mimi, Mkubwa?"

"Kesi ya Daktari Nuswe. Jinsi ulivyomnasa yule dobi. Watu wamesikia sana habari hiyo, lakini jambo la kusikia lina shaka ndani yake. Wakiona kwa macho watatulia. Itaonyeshwa siku dobi atakaponyongwa, asubuhi filamu, mchana kamba." Akanipa kipande cha chungwa. "Kuna mwigizaji, Zuberi Tindwa. Mfundishe kuwa wewe."

Nilikula lile chungwa. Sikujua kama nina ruhusa ya kutema mbegu, nikazimeza.

Lazima niseme kilichotokea kweli, maana pasipo hilo haya mengine hayana maana. Daktari Nuswe Kalinga alikuwa daktari wa hospitali ya mji. Maiti waliotoka kwetu walipelekwa kwake aandike chanzo cha kifo, na kwa miaka mingi waliomtangulia waliandika "homa". Yeye aliandika "kipigo". Aliandika hivyo mara moja, akaonywa. Aliandika mara ya pili, akaitwa kwenye jengo letu siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Nilimwona akipanda ngazi. Alinisalimu. Hakushuka tena.

Adhuhuri Mkubwa Lukindo alinikabidhi mfuko wa turubai. Ndani kulikuwa na koti jeupe la daktari, na weupe wenyewe ulikuwa umebaki kwenye mikono tu. Akanitajia jina: Machano Vuai, dobi anayefua makoti ya hospitali. Sikuuliza nani aliyemuua daktari. Kutouliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na ndiyo iliyonipa cheo na nyumba ya kilimani. Mke wangu aliishi nami kilimani miezi miwili, kisha akafunga vitu vyake. Alisema nyumba ile ina watu wengi mno. Tulikuwa wawili tu.

Nilipofika kwa Machano, mkewe Bi Mize alinikaribisha kama mgeni.

"Karibu, baba. Ndani joto, kaa hapa jamvini. Mwenyewe yuko nyuma anaanika, nitamwita."

Akanitilia chai ya mchaichai. Alipoinuka kufuata sukari nililitoa koti kwenye mfuko, nikalizamisha katika karai lililokuwa kushoto kwa mlango, chini ya povu. Nikarudi jamvini, nikanywa chai. Askari walipoingia nilijifanya kushangaa pamoja nao. Machano aliletwa huku mikono yake ingali na majimaji ya sabuni. Alilitazama lile koti kwa muda, akasema kwa utulivu wa fundi anayesahihisha kosa dogo:

"Hili halikuletwa kwangu. Makoti ya daktari huja Ijumaa, afande. Leo Jumanne."

Ndipo spika ya nguzo iliyokuwa mbele ya nyumba ikakoroma, ikatangaza kwamba leo ni Ijumaa.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukivunjika namna ile. Alikuwa ameshika siku kama mtu anavyoshika nguzo ya nyumba yake, nayo ikang'olewa mikononi mwake. Maungamo niliyachukua mwenyewe baadaye, katika chumba cha chini. Nilimvunja vidole vinne vya mkono wa kulia, kisha nikamsaidia kushika kalamu kwa wa kushoto.

Basi nilikwenda kumfundisha Zuberi Tindwa. Walikuwa wamejenga nyumba ya Machano upya katikati ya uwanja mkubwa wa mji, nyumba ya mbao na karatasi, ina jamvi, ina karai, na povu lake lilikuwa jipya kila saa. Zuberi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu, anayesikiliza kwa macho. Baada ya siku mbili alitembea kama mimi. Baada ya siku tatu alikohoa kama mimi. Siku ya nne alinivuta pembeni.

"Inspekta, ulipoingia mlangoni, karai lilikuwa wapi?"

"Kushoto."

"Na lilikuwa na povu?"

"Limejaa."

"Sasa koti uliliona vipi, kama lilikuwa chini ya povu?"

Mahakama nzima ilikaa siku sita bila mtu kuniuliza hilo. Zuberi alinitazama, kisha nikaona jambo likimwingia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Alijua. Akatazama huku na huku.

"Nitaangalia chini tu," alisema polepole, "kama mtu ambaye tayari anafahamu. Itafaa?"

"Itafaa," nikamwambia.

Hakuuliza tena. Lakini tangu hapo hofu yangu ilipata umbo. Asubuhi iliyofuata mlinzi wa lango la Idara alimpigia saluti Zuberi, nami akaniuliza ninamtafuta nani. Nilicheka. Yeye hakucheka. Mchana tukagawiwa vitambulisho vipya, na changu kilikuwa na jina langu, namba yangu, na picha ya Zuberi. Nilikipeleka kwa Mkubwa Lukindo.

"Wamekosea picha, Mkubwa."

Alikitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Picha nzuri," alisema.

"Na filamu ikiisha, mimi nitakuwa wapi?"

"Wewe utapumzika, Inspekta. Umefanya kazi nyingi."

Neno hilo nililijua. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye mafaili ya watu kumi na mmoja. Nilishuka ngazi nikishikilia ukuta, na katika kila kioo nilichokipita nilijitafuta kwa harakaharaka kama mtu anayepapasa mfuko uliochanika. Nilikuwepo bado, lakini nilionekana kama mtu aliyekuja kumtembelea mwenyeji na kumkosa. Nikawaza kwamba labda hivi ndivyo walivyojisikia wale kumi na mmoja. Hawakuogopa kufa hasa. Waliogopa kwamba hawatakuwa wamewahi kuishi. Kwetu risasi ilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa lile tangazo la asubuhi ya pili yake, linalosema kwamba siku uliyopigwa haijafika, na mama yako anaacha kulia kwa kuwa hana siku ya kulilia.

Siku ya mwisho ya kupiga picha watu mia mbili waliamriwa kuja kujaza uwanja. Walikuja wamevaa vizuri, wakapangwa nyuma ya kamba, wakakaa kimya. Ilikuwa saa sita, jua limesimama utosini, na hakuna aliyekuwa na kivuli. Walihitaji mke wa dobi alie na kumlaani mumewe. Waigizaji watatu walikuwa wamejaribu, na Mkubwa Lukindo, aliyekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, alisema machozi yao ni ya maji. Ndipo akatoa amri aletwe mwenyewe.

Bi Mize aliletwa na askari wawili. Alikuwa amekonda hata kanga ilimzunguka mara mbili. Alipoiona ile nyumba ya karatasi alisita, akanyoosha mkono akagusa mwimo wa mlango kwa ncha za vidole, akaurudisha upesi kama aliyegusa chungu cha moto. Kisha akaketi jamvini, mahali palepale alipokaa siku ile.

"Lia," mwongozaji wa filamu akamwambia kwa kipaza sauti. "Sema, mume wangu alimuua daktari."

Hakulia, wala hakusema. Walirudia mara nne. Mkubwa Lukindo akanitazama, akakunja kidole kimoja.

"Inspekta, wewe unajua namna. Mlize."

Nilitembea kutoka kwenye kamba hadi kwenye jamvi. Hatua ishirini na mbili. Nilijua namna, ndiyo, zilikuwa nyingi. Nilichuchumaa mbele yake, mgongo wangu ukiwaelekea wao. Juu yetu ulining'inia mti mrefu wenye kinasa sauti kilichofunikwa manyoya, kama mnyama anayesikiliza.

"Baba," alisema, "nilikupa chai."

"Ulinipa."

"Basi niambie kweli, mara moja tu. Ukiniambia nitawalilia. Nitasema wanachotaka."

Jasho lilinitiririka hadi kwenye viatu. Nikamwinamia na kunong'ona, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: "Koti nililiweka mimi."

Alinitazama mdomoni, uso wake haukubadilika.

"Sikusikia, baba. Sema kwa huku. Sikio hili la kushoto halisikii tangu siku ile uliponipiga kofi mlangoni, nilipomshika Machano miguu."

Nilikuwa nimelisahau kofi hilo. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Vidole vinne nilivikumbuka, mfuko nilikumbuka, hata ladha ya mchaichai. Kofi nililisahau kabisa, kama mtu asahauvyo kupangusa mkono. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na nusu ya ulimwengu tangu siku ile, nami sikuwa na kumbukumbu. Kitu fulani ndani yangu kilichokuwa kimekaza miaka yote kiliachia.

"Nililiweka mimi," nikasema, kwa sauti ya mazungumzo.

"Bado, baba."

"Inspekta!" aliita Mkubwa Lukindo kutoka kivulini. Na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti.

Nilisimama. Sikusimama kwa ushujaa. Nilisimama kwa sababu sikuweza kumtaka yule mama ajikaze kusikia mara ya tatu.

"Koti la Daktari Nuswe nililiweka mimi kwenye karai!" nilipiga kelele. "Machano Vuai hakumuua mtu! Daktari aliingia jengo la Idara Jumanne saa nne asubuhi, nilimwona, na hakutoka! Mfuko nilipewa na Lukindo kwa mkono wake! Ilikuwa Jumanne! Ilikuwa Jumanne!"

Hakuna aliyesema "kata". Labda mwongozaji alidhani ni sehemu ya mchezo, labda aliogopa kuwa wa kwanza kuelewa. Niliwaona watu mia mbili wakinitazama. Bi Mize hakulia. Alishusha pumzi ndefu, akaanza kukunja jamvi taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudi kwake.

Wakati askari wananibana mikono, spika zote za uwanja zilikoroma. Sauti ileile tuliyoijua sote ikasema kwamba siku ya leo imefutwa, kwamba sasa ni jana mchana, na kila mtu arejee alipokuwa jana mchana.

Watu hawakuondoka. Sina hakika kama walikusudia. Nadhani mwanzoni walikuwa wakikumbuka tu jana walikuwa wapi. Ndipo nikamwona jirani yangu mjane katika mstari wa mbele. Alikuwa amevaa tena nguo za msiba. Alisema, si kwa nguvu:

"Leo ni leo."

Mtu wa pembeni yake akarudia. Kisha wa nyuma. Halikuwa wimbo wala maandamano. Lilipita kwenye uwanja kinywa kwa kinywa, kila mtu akimwambia mwenzake kama vile anampa habari, leo ni leo, huku nyuso zao zikiwa zimejaa hofu kama wangu. Spika zikarudia tangazo mara tatu. Mara ya tatu sauti ile ilikosea, ikasema "leo" mahali pa "jana", ikanyamaza.

Nilitiwa katika chumba cha chini, kile nilichokijua, na humo nikamkuta Machano. Walikuwa hawana nafasi nyingine siku hiyo, au walitaka aniue wapate kazi nyepesi. Alikuwa amekaa kwenye kona, mkono wa kulia umekunjamana kifuani kama jani kavu. Walikuwa wamekwisha kumwambia nilichosema uwanjani mbele ya mkewe.

"Mke wangu alikuwaje?" hatimaye akauliza.

"Amekonda. Alikunja jamvi, akaondoka nalo."

Akatikisa kichwa. "Jamvi si letu lile. Letu lina kiraka." Kisha akasema: "Mkono huu haushiki pasi. Nimejaribu kuufundisha humu ndani, nikitumia kopo. Haushiki."

"Naomba unisamehe, Machano."

"Sijakusamehe," alijibu, bila hasira, kama alivyosema siku ile kuhusu Ijumaa. "Usiniombe tena. Utanichosha."

Sikuomba tena. Siku ya kumi na moja, kwa hesabu yangu ya milo, mlango ulifunguliwa, Machano akaitwa kwa jina. Alidhani ni kamba, akajisaidia haja ndogo papo hapo. Haikuwa kamba. Watu walikuwa wamekuja langoni kila mchana, wakasimama, wakarudi kwao jioni. Siku ya kumi na moja mahakama iligundua kwamba haina shahidi. Mlinzi alinong'oneza kwamba Mkubwa Lukindo amehamishwa, na alipoulizwa wapi hakujua. Machano alitoka bila kugeuka. Nilisikia nyayo zake zikipanda ngazi moja moja, kisha mlango wa juu, kisha kelele za watu, kisha kimya ambacho kilinikalia kichwani kama mzigo wa chumvi.

Kesho yake wakanitumia mpelelezi. Alikuja na meza ndogo, kiti, na karatasi yenye maungamo yaliyokwisha kupigwa chapa, kwamba mimi ndiye niliyemuua Daktari Nuswe kwa chuki zangu binafsi. Jibu lilikuwa limeandaliwa, likitafutiwa swali. Aliketi, akakohoa kikohozi changu. Alikuwa Zuberi Tindwa, amevaa sare yangu, na kifuani cheo changu.

"Jina?" akauliza, macho kwenye karatasi.

"Hamadi Ngereza."

"Hamadi Ngereza ni mimi," alisema. Alikitoa kitambulisho, akakiweka mezani pale nilipoweza kukiona. Mkono wake ulikuwa na kijasho. "Wewe huna jina. Sema tu ulivyomuua daktari, utie sahihi, upumzike."

Niliogopa kuliko siku zote. Sina sababu ya kudanganya katika hili. Lakini nilimtazama, nikamwona yule kijana aliyeniuliza kuhusu povu, yuko mbali sana ndani ya uso wangu, anapiga hodi.

"Kama Hamadi Ngereza ni wewe," nikamwambia, "basi wewe ndiye uliyeweka koti kwenye karai. Wewe ndiye uliyekunywa chai ya Bi Mize. Vidole vya Machano umevivunja wewe, vinne, na mkewe ukamtia uziwi. Andika. Na yule daktari uliyemwona akipanda ngazi, alikusalimu. Ulimjibu?"

Kalamu ilisimama. Nje ya mlango askari alijongeza kiti.

"Na kama si mimi?" akauliza kwa sauti ndogo, sauti yake mwenyewe, ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya kwanza.

"Basi uliza tena jina langu."

Alitazama mlango. Alikitazama kitambulisho. Kisha akaigeuza ile karatasi upande wake mweupe, akaniuliza naitwa nani.